Vidonge Vitamu vya Mutheu

Silanga, Kibera
11 Februari 1996

Kaloki, mtoto wa mama yangu,

Salamu natanguliza mbele, hayo mengine yatakuja nyuma yake polepole. Mimi mzima, Musau mzima, Mutheu mzima, na kama kuna mtu nimemsahau, huyo pia ni mzima. Mama alituma neno na watu wa basi la Kitui: mvua imekataa, lakini mbuzi amezaa pacha. Anasema Mungu hupima na kijiko anachotaka mwenyewe. Kanisani pasta bado anakuombea kila Jumapili, anasema "kijana wetu wa India," na watu wote wanageuka wananiangalia mimi, utafikiri ni mimi nilipanda ndege.

Unakula nini huko? Usiniambie tena ni dengu.

Sasa Kaloki, kaa chini. Si habari mbaya. Nasema ukae kwa sababu ni ndefu.

Unajua Mutheu na kifua chake. Ile pumu haikupoa ulivyoenda. Mwaka jana wote tumekuwa watu wa kukimbia dispensari, mtoto kwa mgongo, mabega yake yamepanda mpaka masikio, anatafuta hewa kama mtu anatafuta kitu kimeanguka. Wanampa mvuke, wakatupa na ile inhela ya kupuliza mdomoni, tunarudi. Nesi wa pale hana ubaya. Ni vile foleni ni ndefu, na yeye hakuangalii, anaandika tu.

Basi Adero, jirani yangu anayeuza dagaa wa omena, akaniambia, "Mama Mutheu, utamaliza viatu. Kawangware hapo steji ya 56 kuna daktari anatibu pumu na vidonge vitamu." Tukaenda. Ofisi iko juu ya duka la misumari na mabati. Anaitwa Daktari Benard, mtu mpole, sauti chini. Kaloki, huyo mtu hakunigeukia mimi. Aligeukia mtoto.

"Mutheu, unaogopa nini?"

"Jogoo wa Mama Adero."

"Na chumvi unapenda?"

"Napenda sukari."

Yote akaandika. Akauliza analala upande gani, analia akiwa peke yake ama mbele ya watu. Alikaa na sisi mpaka nikaanza kuona haya. Hakuna mtu mwenye kalamu amewahi kumuuliza mtoto wangu anaogopa nini. Nilitoka pale macho yamejaa machozi, na hata dawa sijaiona.

Dawa yenyewe ni vidonge vyeupe, vidogo kama uwele, vitamu. Inaitwa homiopathi. Anasema ilianza Ujerumani, lakini Wahindi ndio wameishika kwa mikono miwili. Ina heshima zake: usiiguse na kidole, unaimimina kwa kifuniko. Mtoto asinywe kahawa. Na isikae karibu na kitu cha harufu kali, si mafuta ya taa, si vitunguu, si makaa.

Mimi! Muuza makaa! Magunia tunalala nayo chumba kimoja tangu tuhamie hapa, maana ukiyaacha nje yanaota miguu. Lakini kwa mtoto utafanya nini? Nikayahamisha yote kwa kibanda kile cha zamani cha Adero upande wa dam, na jiko pia nikalitoa nje. Vidonge vimekaa kwa rafu peke yao kama mgeni wa heshima.

Na Mutheu, Kaloki, ni mwingine! Anakimbia. Juzi alinitangulia kutoka mtoni. Musau amefurahi mpaka anaimba akinyoa ndevu. Anasema sasa inhela tuiache, hicho chombo kinazoesha moyo, na mtu akifika kwa inhela amefika mwisho wa barabara. Daktari Benard naye anasema dawa mbili kwa mwili mmoja hugombana.

Sasa wewe ndiye unasomea famasia, na uko kwa wenyewe. Hii dawa ni ya kweli? Niambie nitulie.

Barua hii Musau ataipeleka posta ya mjini akienda kazini.

Ni mimi dada yako anayekuwaza,
Wanza

*

Pune, India
9 Machi 1996

Dada Wanza,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, makusudi, kwa sababu ulisema nikae. Mimi mzima. Ni dengu, dada, nisikudanganye, dengu na wali na pilipili ya kumfanya mtu akumbuke dhambi zake. Mwambie Mama nimefurahia hao mbuzi pacha, na mmoja awe wangu.

Jambo la kwanza nimeliweka juu, ili hata barua ikiraruka, hili libaki: inhela isiachwe. Si dawa ya mwisho wa barabara. Hapa naona watoto wanaivuta asubuhi, mchana wanacheza kriketi. Kifua cha pumu kinaweza kunyamaza wiki nyingi kisha kikafunga bila kupiga hodi, na siku hiyo kitu cha kukifungua ni hicho.

Sasa vidonge. Ni kweli, hapa kuna vyuo vya homiopathi na hospitali zake, na mama mwenye nyumba wangu ana kabati nzima. Lakini watu wengi kupita njia si ushahidi kwamba njia inafika. Nikueleze inavyotengenezwa. Chukua tone moja la dawa, litie kwenye Nairobi Dam, ukoroge. Chota kikombe, ukakitie kwenye dam nyingine, ukoroge. Fanya hivyo mara nyingi, halafu tone la mwisho ulidondoshe juu ya sukari. Ndiyo hiyo. Wao wanasema maji hukumbuka. Mimi nina shaka, lakini sitaki kucheka kitu kabla sijakiangalia.

Namna ya kukiangalia ni hii. Unachukua watoto wengi wenye pumu. Nusu unawapa vidonge hivyo, nusu unawapa vidonge vya sukari tupu vinavyofanana navyo. Si mama wala daktari anayejua nani amepata nini mpaka mwisho. Ndipo unahesabu nani alipata nafuu. Bila hivyo, tunasifu tu. Muulize Daktari Benard kama ana utafiti wa namna hiyo. Akiwa nao, nitumie, nitautafuta maktaba na kuusoma mwenyewe.

Na unijibu hili moja: inhela bado anapewa?

Msalimie shemeji, na umpe Mutheu busu la anko.

Kaloki

*

Silanga
14 Aprili 1996

Kaloki wetu,

Pasaka imepita salama. Kwaya iliimba mpaka mzee mmoja akaomba maji. Mama ule mguu uliokuwa unamsumbua umempunguzia maumivu, na mbuzi wako amewekwa alama ya kamba nyekundu, usije ukasema ulidhulumiwa.

Barua yako Musau aliisoma kwa sauti, amesimama mlangoni kama chifu anayetangaza baraza. Alipofika kwa Nairobi Dam, Adero aliyekuwa anapita akasimama hapo hapo. "Kwani kuna mtu wa kunywa maji ya hiyo dam akapona? Hata bata wanapiga chafya!" Mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Musau hakucheka. Alikunja barua akaitia kwa mfuko wa koti, na Jumamosi akasema, "Mama Mutheu, vaa twende Kawangware. Shemeji ameuliza swali, swali lijibiwe."

Nilifikiri watagombana. Lakini Musau alimuuliza kwa adabu: "Daktari, hawa waliopona, walilinganishwa na nani?"

Daktari Benard akaweka kalamu chini. Akasema, "Baba Mutheu, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza hivyo tangu nifungue mlango huu."

"Sasa nijibu."

"Utafiti upo. Mwingi. Mimi si mtu wa kuficha."

Akafungua droo, akatoa karatasi za fotokopi, zingine maandishi yamefifia kama yameoshwa, akatupatia zote. Tukiwa kwa ngazi Musau akaniambia, "Unaona? Mwongo hawezi kukupa karatasi." Nimekutumia zote kwa bahasha hii kubwa, nimeifunga na uzi juu ya gundi.

Musau ni mtu mzuri, Kaloki, unajua. Ndiye alizunguka na kofia yake siku ya harambee ya safari yako mpaka jua likazama. Anataka tu hiki kitu kiwe kweli. Nami nataka.

Kuhusu lile moja uliloniuliza, Mutheu anakula vizuri, na ameota jino jipya mbele.

Dada yako,
Wanza

*

Pune
2 Juni 1996

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na mitihani na mambo mengine, yamekwisha. Nafurahia jino la Mutheu, lakini sikuuliza jino.

Karatasi zimefika zote, uzi wako ulimshinda hata mtu wa posta. Nimezisoma, na nilipoona zimetaja utafiti mwingine nikaenda kuutafuta. Maktaba yetu ni ndogo, kwa hivyo nilimsumbua rafiki aliye Bombay, ambako kuna majarida ya Ulaya. Niliyoyaona ni haya, na shemeji naye asikie.

Ile karatasi yenye picha ya maua si utafiti. Ni tangazo la kampuni inayouza vidonge, na ndani kuna barua za waliopona. Nani aliyekufa akaandika barua? Ile ndefu ni ya daktari anayesimulia wagonjwa wake mwenyewe: waliokuja, wakanywa, wakapata nafuu. Hakuna aliyelinganishwa nao. Na wale ambao hawakurudi hakuwahesabu, hatujui kama walipona au walichoka naye. Iko moja safi, yenye makundi mawili na vidonge vya sukari, na waliopewa homiopathi walipata nafuu kidogo zaidi. Hiyo sikuidharau, niliisoma mara tatu. Lakini watu walikuwa wachache, wakubwa wote, na ugonjwa ulikuwa mafua ya maua, si pumu ya mtoto.

Zile zilizotajwa chini kwa maandishi madogo, mbili hazipo mahali popote tulipotafuta. Moja ipo, lakini inasema kinyume cha wanavyosema inasema.

Kisha nikatafuta zile ambazo hazikuwa kwenye bahasha. Wewe ni mtu wa soko, dada, usikasirike: debe la makaa, makubwa hukaa juu, vumbi hukaa chini. Karatasi za muuzaji ni hivyo hivyo. Lazima umwage debe lote. Nilipomwaga niliona jambo hili: kadiri utafiti ulivyokuwa mkubwa na makini, ndivyo tofauti kati ya vidonge hivi na sukari tupu ilivyozidi kuwa ndogo. Sijasoma yote ya dunia, na wenye vidonge watabisha. Lakini sikupata hata mmoja wa kunifanya nimnyang'anye mtoto wangu inhela, kama ningekuwa na mtoto. Hilo ndilo jibu langu.

Lakini nafuu ya Mutheu ni ya kweli, umeiona kwa macho yako, na nafuu haiji bila mlango. Wakati mwingine kifua hupumzika chenyewe. Au kuna kitu kingine kilichobadilika nyumbani wakati ule mlipoanza vidonge. Hebu fikiria.

Na kama hutaniandikia kingine chochote, niandikie neno moja: anapewa, au hapewi?

Kaloki

*

Kawangware
23 Juni 1996

Kaloki,

Barua hii inatoka Kawangware, angalia hiyo stempu. Nimekaa kwa saluni ya binamu yetu Ndunge, wateja wako chini ya mashine wanachemka vichwa, na hakuna anayenisoma begani. Ndunge anakusalimia, anauliza kama nywele za Wahindi ni za kweli. Nimekuja bila kumwambia Musau.

Musau ndiye hupeleka barua zangu posta, na huzisoma kwanza. Hazisomi kwa ubaya. Anapenda tu kusoma, na wewe ni fahari yake. Zako pia anafungua yeye, anazisoma mbele ya majirani. Sasa wewe unauliza anapewa au hapewi. Nikiandika anapewa, Musau ataona. Nikiandika hapewi, nimemdanganya ndugu yangu. Basi nikaandika jino.

Anapewa, Kaloki. Anapewa! Nani alikwambia niliacha? Musau alisema tuitupe, nikasema sawa Baba Mutheu, nikaichukua nikaificha mahali ambapo mwanamume hafiki. Kifua kikianza kulia kidogo namwita mtoto nyuma ya pazia. Yeye anafikiri ni mchezo wetu wawili. Mimi shule yangu iliishia la tatu, sijui utafiti, lakini siwezi kutupa kamba kabla sijajua kama kisima kina mwisho.

Basi lala usingizi. Najua hukuwa unalala. Na mimi nikuulize: mwandiko wa barua yako ya mwisho umelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na mvua. "Mambo mengine" ni mambo gani? Uliugua? Niandikie kwa anwani ya Ndunge, usimfiche mama wa watu.

Lile swali la kitu gani kilibadilika, nimefikiria mpaka kichwa kikauma. Hakuna. Chakula ni kile, nyumba ni ile, maji ni yale, hewa ni ya Silanga ile ile. Kwa hivyo hata mimi nabaki najiuliza, labda vidonge vina kitu.

Habari mbaya kidogo tu: kile kibanda cha Adero kimevunjwa, magunia mawili yamekwenda. Kwa hivyo narudisha makaa ndani ya nyumba, siwezi kuwalisha wezi. Na kwa sababu vidonge havitaki harufu, nimempa Adero akae navyo kwake mbali na omena, atakuwa anampa mtoto asubuhi na jioni. Huyo ni mwaminifu, hatasahau.

Baridi imeanza huku. Mutheu namvalisha sweta mbili, anatembea kama kabichi.

Dada yako,
Wanza

*

Pune
10 Julai 1996

Dada Wanza,

Sitaanza na salamu, utanisamehe. Toa makaa nje. Leo. Toa yote, na jiko, na kitambaa cha kufutia vumbi. Wezi wachukue, tutalia baadaye.

Nimerudi kwenye barua yako ya Februari. Vidonge viliingia nyumbani siku ile ile makaa yalipotoka. Unasema hewa ni ile ile. Dada, ndiyo kitu kilichobadilika! Mtoto amelala na vumbi la makaa na moshi wa jiko tangu azaliwe, na mwezi mliotoa ndio kifua kilifunguka. Siwezi kuapa, mtoto mmoja si utafiti. Lakini ningekuwa na senti moja ya kuweka, ningeiweka hapo.

Nimejaribu simu ya kanisa, inalia tu. Nimewaza kumpigia pasta nyumbani lakini sina namba.

Uliuliza. Niliugua, ndiyo. Macho yaligeuka manjano mwezi wa Aprili, nikalala kama gunia. Mama mwenye nyumba alinipa vidonge vyake vitamu kila siku, akanikalia kitandani, akaniuliza habari za Mama na mbuzi. Nikapona. Nilitaka sana kukuandikia kwamba ni vidonge, kwa sababu yule mama alinitendea wema na nilitaka wema wake uwe dawa. Lakini ugonjwa ule huondoka wenyewe ukipumzika, hata wenzangu walioupata bila kumeza kitu walipona. Ndiyo maana nilichelewa kujibu karatasi za Daktari Benard. Sikutaka kuzisoma nikiwa navishukuru vidonge.

Nimefurahi anapewa. Hujui nilivyofurahi. Nilitoka nje nikanunua ndizi nikawagawia watu nisiowajua.

Toa makaa.

Kaloki

*

Silanga
4 Agosti 1996

Kaloki, pole, pole, na asante,

Macho ya manjano na hukusema! Mama nimemwambia, amelia kidogo halafu akasema mbuzi wako azae haraka upate maziwa ukirudi. Mwambie yule mama wa nyumba kwamba Wanza wa Silanga anamshukuru, mtu aliyekaa kitandani pa ndugu yangu ni mtu wangu.

Barua yako imenikuta mambo yameshapita. Usiogope, soma tu, mwisho ni mzuri. Nimeanza na mwisho kwa sababu nakujua.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, mvua ya rasharasha. Nilikuwa nachekecha makaa ndani, vumbi limesimama hewani kama ukungu. Mutheu amekaa kitandani na chupa yake ya kuchezea. Nikasikia ule mlio. Nikageuka, mabega yamepanda, midomo imebadilika rangi. Na Musau yuko hapo, anasoma gazeti la juzi.

Kaloki, nilikauka. Nilijua inhela iko wapi, na nilijua nikiitoa mume wangu ataona nilivyomzunguka tangu Februari. Nilisimama hapo kwa muda gani, sijui. Kidogo tu. Lakini Musau alikuwa ameshainuka. Hakuniangalia hata. Alienda moja kwa moja kwa debe la unga, akazamisha mkono mpaka kiwiko, akaitoa imefungwa kwa nailoni, akaipangusa kwa shati lake la kanisa. Akampakata mtoto. "Vuta, mama. Vuta polepole. Baba yuko." Akajua hata kuitikisa kwanza.

Kifua kikafunguka kidogo, tukakimbia dispensari. Nesi alituwekea mvuke, akasema tumefika vizuri kwa sababu alikuwa amevuta dawa nyumbani. Mimi na Musau tukaangalia sakafu kama watoto wa shule.

Tulivyorudi mtoto amelala, nikamwambia, "Baba Mutheu, ulijua?"

"Mama Mutheu, ugali wa nyumba hii nani anakula? Siku moja ulienda mtoni nikaona njaa, nikachota unga mwenyewe. Nikakuta mgeni ndani."

"Lini?"

"Zamani."

"Na ukanyamaza?"

Akasema, "Mimi ndiye nilisema itupwe. Ningerudije nikasema isitupwe? Nikaona wewe umeshanirekebisha, nikaacha unga ukae na siri yake. Nilitaka vidonge viwe vya kweli, na nilikuwa naogopa visiwe."

Nilicheka na kulia pamoja, mpaka Adero akagonga ukuta. Akaja na chupa ya vidonge mkononi, uso umekasirika. "Mama Mutheu, kabla hujanilaumu, vidonge nimempa kila asubuhi na kila jioni, hata leo kabla ya kanisa. Sijaruka. Sasa kama dawa ni ile ile, ni nini kimerudi ndani ya hii nyumba?"

Sote watatu tukaangalia magunia.

Musau akapitisha kidole juu ya mto wa Mutheu, akakiinua. Cheusi. Akasema, "Shemeji alisema makundi mawili. Mtoto wetu ni mmoja, lakini makundi mawili tumeyaona. Vidonge bila makaa, alipumua. Vidonge na makaa, haya." Aliyatoa magunia yale yale mvuani, na shati la kanisa, peke yake, hakutaka nimshikie. Barua yako ilifika kwa Ndunge wiki ile nyingine, na Musau alipoisoma alizunguka nayo plotini akisema, "Mwaona? Mimi na huyu kijana wa India tunafikiri kichwa kimoja!" Adero akamwuliza, "Na mimi je?" Akasema, "Wewe ni kichwa cha tatu." Ametengeneza stoo ya mbao hapo nje, ina kufuli ya kumshinda mwizi na mimi pia, ufunguo unakataa.

Daktari Benard tulienda kumwambia, kwa sababu si vizuri mtu kukaa bila kujua. Musau alimweleza yote, na karatasi zako akazisoma. Nilifikiri atatufukuza. Alizungusha kalamu mkononi, akasema, "Kwa hivyo masharti ya chupa yalimsaidia kuliko kilichomo ndani ya chupa." Hakukubali kila ulichoandika, anasema huo utafiti mwingine ana majibu yake, akikupata mtaongea. Lakini alisema inhela isiachwe, na kwamba kuanzia sasa mtu wa pumu akija atamuuliza kwanza anapika wapi na analala na nini. Akamuuliza Mutheu kama bado anaogopa jogoo. Mutheu akasema jogoo alipikwa. Vidonge hatununui tena. Vilivyobaki kwa chupa aliviomba mtoto mwenyewe, akavimaliza kama peremende, na hakuna kilichotokea, si kizuri si kibaya.

Inhela sasa inakaa kwa rafu, hapo mahali pa vidonge. Shuleni mwalimu amepewa ya pili, na nesi amenionyesha vizuri namna ya kuivutisha. Baridi ya mwezi wa saba imepita juu yetu, na dispensari hatujarudi.

Sasa nikwambie jambo la jana, halafu nimalize, mshumaa wa mchana huu ni jua na linahama. Nilikuwa nauza, wateja wamejaa, Mutheu na watoto wa Adero wanakimbizana nyuma ya stoo, anaimba ule wimbo wa Sunday school, anapiga kelele, anaimba akikimbia, Kaloki, akikimbia na haachi kuimba. Mteja ananiuliza kitu mimi sisikii. Nikageuka nikapaza sauti, "Mutheu! Hebu nyamaza, unatupasua masikio!"

Akanyamaza. Na mimi nikabaki nimeshika debe. Miaka yote ya huyu mtoto nimekaa nikisikiliza kama bado anapumua. Sijawahi kumwambia anyamaze, hata siku moja. Yule mteja akaniuliza, "Mama, uko sawa?"

Nikamwambia ngoja kidogo. Nikaita, "Mutheu! Endelea!"

Dada yako anayelala sasa,
Wanza